Goti Lililoonekana

…na kama limeonekana basi limeonekana, kwani goti la kutembelea walitaka mtu alivalie wapi lisionekane, kabatini, uvunguni mwa kitanda, mtu anapita nalo njiani na watu wana macho, lakini wakili anasema kuonekana ndiko kulikoliua, analisema taratibu, kwa upole ule ule wanaoutumia madaktari wakitaka kumwambia mgonjwa kwamba mguu hauokoleki, na yeye upole huo anaujua, miaka yote ya ufundi wake wa viungo bandia amekaa karakana ya hospitali nyuma ya ukuta mwembamba akiusikia, ukiisha tu analetewa mtu na kisigino kimoja, leo kageuziwa kibao, leo anayekatwa ni yeye. "Sheria ya zamani, mama, ilikuwa inauliza nani kabuni kwanza," wakili anasema, "hii mpya haina habari na hilo, inauliza nani kaleta kwanza ombi la hataza, hati ya kumiliki ubunifu," na aliyeleta kwanza ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mume huyu huyu aliyekaa hapa kulia kwake kanyoosha mguu kama yuko sebuleni kwake, na ndani ya suruali yake iliyopigwa pasi limo goti lenyewe, goti linalojifunga mtu akishuka ngazi na kujiachia akifika chini, goti alilolihangaikia yeye, mkewe, mpaka mikono ikanuka grisi kwenye sahani ya chakula, na sasa kwa mujibu wa karatasi yenye muhuri limebuniwa na mtu ambaye kazi yake aliyoifanya ni kukereza chuma kimoja tu cha katikati kwenye mashine yake, tena kukikereza kwa kufuata mfano aliouchonga yeye kwa kipande cha sabuni ya kufulia, maana hakuwa na kitu kingine cha kuchonga siku hiyo, na shemeji akacheka, akasema, "Shemeji, umekuja kunipa kazi au umekuja kunifulia?" wakacheka wote, mbwa yule, alikuwa anacheka huku macho yanapiga picha.

"Tuyamalize nyumbani," mumewe ananong'ona, "yule ni damu yangu, mama watoto, nusu kwa nusu amesema mwenyewe," nusu kwa nusu, kana kwamba wanagawana papai, nusu ya kitu chake anapewa kama hisani na kuambiwa ashukuru, wakili bado anaongea, feni inapepea karatasi zake na yeye kazilazia stepla, kiwiko na kikombe, "…zamani ulikuwa na mwaka mzima wa kukionyesha kitu chako kabla ya kukiandikisha, mwaka huo wameufuta, sasa kikishaonekana kabla ya ombi hakihesabiwi kuwa kipya, hata kama uliyekionyesha ni wewe mwenyewe," na lini walifuta, mbona hakuna aliyemwambia, aa, aliambiwa, hapo ndipo panapouma, redio ilisema, alikuwa anapasha plastiki ya soketi, ile inayomeza kigutu, kwenye oveni na redio ikasema kuanzia sasa sheria mpya ya hataza, wabunifu wote, na yeye akamwambia mwenzake pale karakana, ebu tafuta muziki, hawa watu wana maneno mengi. Muziki ukaja. Wakaucheza, mungu wangu, na makoleo mkononi wakaucheza. Shemeji yeye lazima aliisikiliza redio yake mpaka mwisho, yule hata matangazo ya vifo ya watu asiowajua husikiliza mpaka mwisho, akakaa na habari yake tumboni, akaja nyumbani kula, akala, akasifia mboga, akasema, "Shemeji, wewe endelea kutembeza watu, mimi nitatembeza karatasi," na yeye, juha aliyekubuhu, akamwongezea mchuzi.

"Lakini yeye si kaiba kwangu?" anauliza, na sauti inamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, mumewe anatazama sakafu. Kaiba, ndiyo, wakili anakubali, sheria mpya nayo haimlindi mwizi, ila lazima aonyeshe kwamba lilikuwa kwake kabla halijafika kwa shemeji, na ataonyesha kwa nini, ana michoro? hana michoro, nani karakana pale anachora, wao kazi yao hawaichori wanaivalisha, wanampa mtu mguu aende nao nyumbani, sokoni, kwenye matope, na hawasemi mguu umekwisha mpaka mwenyewe arudi kulalamika, akirudi anafoka ndipo wanajua pa kurekebisha, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyofundisha, kwa hiyo anao watu, anao wengi, anaye yule mwanamke wa sokoni wanayemwita Kengele kwa sababu goti lake la kwanza lililia na yeye akalia zaidi, anaye mlinzi wa benki aliyesema linajifunga akipiga saluti, hao wote walilivaa likiwa bado na chuma alichokipinda yeye mwenyewe, shemeji hajakata hata kimoja, "Niwalete?" na wakili anavua miwani, anaifuta kwa tai, kumbe huyu hajafika mwisho bado. "Ukiwaleta, mama, ombi la shemeji yako linaanguka. Lakini watakuwa wamethibitisha kwamba goti lilikuwa barabarani mapema, kila mtu akiliona. Kwa hiyo na wewe hupati. Halitakuwa la mtu. Karakana yoyote italitengeneza." Anasikia na hasikii… ushahidi unaomwangusha mwizi ndio huo huo unaomwangusha mwenye mali, nani alikaa akaandika kitu kama hiki, alikuwa amekula nini, "na nikinyamaza?" akinyamaza ndiyo hiyo nusu kwa nusu, goti linatengenezwa kwa shemeji peke yake, hospitali inanunua kwa shemeji peke yake, na yeye akitaka kulifunga kwa mgonjwa wake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, sharti aombe ruhusa kwa yule, hodi shemeji, naomba goti langu.

"Na aliyelivaa wa kwanza kabisa ni nani?" wakili anauliza, kalamu iko tayari, na mumewe, maskini, anachangamka, anajipiga gotini, ko ko, "Mimi hapa!" kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua, anasahau kwamba amekuja kuomba suluhu, anaanza kusimulia, jinsi lori lilivyomlalia mguu, jinsi alivyokaa ghorofa ya tatu akiona dunia kwa dirishani, dereva mzima aliyekuwa akivuka mipaka anasubiri kuletewa gazeti, hataki kubebwa kushushwa, ana aibu, mpaka mkewe akamletea goti siku hiyo, akashuka, ngazi moja, ya pili, mlango mmoja ukafunguka, wa pili, majirani wakajipanga kwenye ngazi kutoka juu hadi chini wanapiga makofi, wanawake wanapiga vigelegele, "jengo zima lilitoka, wakili, jengo zima," na wakili anaandika, jengo zima. Aliandika hivyo. Siku nzuri kuliko zote alizopewa duniani, yeye alikuwa nyuma ya mumewe kashikilia mkanda wake wa suruali asianguke, anacheka na kulia kwa pamoja, na kumbe ndiyo siku alipopoteza kila kitu, pale pale, kwa kila ngazi, kwa kila jirani, wangekuwa wamefungiwa milango… angalau angemwambia ngoja, ngoja kidogo mume wangu, kaa hapo dirishani mpaka nipeleke karatasi, kaa mwezi, kaa miwili, angemwambia? Anajiuliza na jibu halimpi hata nafasi ya kupumua, angemwambia, ndiyo, angemwacha palepale kitini na gazeti lake na aibu yake na goti limefunikwa kwa shuka chumba cha pili, na anamtazama anavyosimulia, mate yanamruka kwa furaha, na kitu kilichomjaa kifuani si upendo, anatamani usingeshuka, wewe mwanamume, anatamani siku ile ungejikwaa mlangoni ukarudi ndani.

Basi. Hivi ndivyo walivyomfanya, shemeji na sheria yake, wamemfanya mtu wa kumwonea mumewe kijicho kwa kutembea, na hilo nalo liandikwe kwenye karatasi lipigwe muhuri, ila goti lisiwe la yule, afadhali liwe la mbuzi, liwe la karakana za nchi nzima, mafundi asiowajua walichonge kwa sabuni zao, shemeji abaki na mashine yake inazunguka tupu akereze hewa, nusu kwa nusu, nusu ya bure ni ngapi, ale hiyo asifie mboga. "Waite wote," anamwambia wakili. Mumewe amegeuka, anamtazama, mdomo umebaki wazi maana ndiyo kwanza ameelewa nani ataulizwa mbele ya mdogo wake alilivaa lini, na anajua naye kuwa baada ya hapo hakuna tena kula pamoja, kisha uso wake unalainika taratibu, anaweka mkono wake mzito juu ya wa mkewe. "Sawa," anasema, "kwa ajili ya wagonjwa wako, sawa, huo ndio moyo wako, nilikuoa naujua," na yeye anauacha mkono pale, anamwacha aamini, itakuwa hivyo basi, watasema aliwaonea huruma, watashuka ngazi za majumba yao watu asiowafahamu, watamwombea kwa Mungu ampe maisha marefu, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba goti limeachiwa wote kwa roho mbaya, kwa chuki safi isiyo na hata tone la huruma, na wakili anafungua ukurasa mpya, anauliza waanze na nani, na yeye anajibu, kwa sauti tamu kabisa, anza na mume wangu.