Koti Namba 417

Mkutano wa tabianchi ulikuwa umekwisha na wageni wanapanda mabasi ya uwanja wa ndege, pale hotelini West Bay, katika nchi ya Kiarabu, mwaka 2012, Suleimani, mlinzi wa Kipemba, alipoambiwa asaidie kufunga picha za maonyesho. Akafika ya mwisho. Bibi kizee kasimama mlangoni kwake, bahari imemfika magotini.

“Mama yangu huyo!”

Athanas, Mkenya wa zamu moja naye, akacheka. “Wewe, kila shosho ni mamako?”

“Tazama koti! Namba 417, koti langu la kazi, nilimpelekea mwenyewe. Na kila Ijumaa kwenye simu hunambia mpunga umestawi.”

Akamkimbilia mpiga picha aliyekuwa akipanda basi, akamshika mkono. “Mbona kasimama majini?”

“Mwezi wa nane nilimkuta hivyo. Alikataa kuhama. Alisema mwanawe akirudi hatapajua pengine.”

“Mwachilie mgeni, tutapigwa kalamu, kazi iishe!” Athanas akamvuta.

Suleimani aliomba likizo siku ile ile. Akanyimwa, na pasipoti yake mwajiri kaifungia ofisini.

Picha ilizungushwa miji mingi, ikasifiwa. Athanas alihamishiwa lindo la mtaa wa Najma. Mama alikufa kabla ya Ramadhani, nyumba ikamfuata, ikamezwa na bahari. Suleimani alirudi kwao mwaka wa pili, akatembea ufukweni asubuhi nzima, asipajue.