Filimbi Moja

Kwenye kile kistesheni cha pembezoni mwa mji, filimbi ilikuwa inapigwa mara mbili. Ya kwanza ya kuwahimiza watu wakaze mwendo, ya pili ndiyo ya treni kuondoka. Sheria haikusema hivyo. Ni huyu mama mpiga filimbi aliyeanzisha, kwa huruma zake, maana hakupenda kuacha watu wakihema jukwaani, viatu mkononi. Abiria nao wakabweteka kwelikweli. Wakisikia ya kwanza, wengine ndiyo kwanza wanafunga kamba za viatu.

Wakubwa wakachoka. Mkaguzi akaja kakunja uso, akamwambia bila kupepesa macho kwamba kuanzia Jumatatu ni filimbi moja tu, na asipotaka atafute kazi nyingine. Jamani, angefanyaje? Wiki nzima akatangaza. Aliwaambia mafundi, manesi, wauza magazeti. Hata yule mzee asiyesikia alimwonyesha kwa kidole. Koo likamkauka. Akirudi nyumbani anavua viatu na kulala palepale kwenye kochi, hoi bin taabani, binti yake akimfunika shuka.

Jumatatu hiyo ndiyo binti alikuwa anaanza kazi kiwanda cha nguo, baada ya kukaa nyumbani mpaka majirani wakaacha kumuuliza. Huko walimwambia wazi kwamba akichelewa siku ya kwanza, asijisumbue kuja ya pili.

Mama alitangulia kazini kama kawaida. Treni ilipoingia, watu walipanda mbiombio, na yeye akajua mwanawe yumo humo katikati yao. Mkaguzi alikuwa pembeni, mikono nyuma. Muda ukatimia, mama akapuliza, treni ikajivuta na kuondoka.

Ndipo binti akaingia getini, blauzi imepigwa pasi ikanyooka, anatembea bila haraka yoyote. Aliona behewa la mwisho likipinda kona. Akasimama.

"Mama, mbona umepiga moja tu?"

Mkaguzi, asiyejua huyo ni nani, alimpongeza mama kwa kazi nzuri, akaenda zake. Mama aliketi kwenye benchi. Dunia nzima alikuwa ameiambia. Binti akaja akakaa karibu naye, mkoba mapajani, akisubiri jibu.

"Nilikuwa nachoka, mwanangu," mama akasema. "Nikifika nyumbani nalala."