Besi Anawahi Hapa

Mtunza nyaraka alikuwa na subira isiyo na mwisho kazini, na nyumbani hakuwa nayo hata chembe. Kazini angeweza kukaa asubuhi nzima akichomoa pini moja yenye kutu kwenye karatasi, polepole, huku akiibembeleza kama mgonjwa. Nyumbani, mama mkwe wake akianza tu kumenya viazi na kuguna ule wimbo wake, mishipa ya kichwa inamsimama.

Na wimbo wenyewe sasa! Pom. Pom, pom. Halafu kimya. Halafu bibi huyo anakunja vidole na kunong'ona, "Moja, mbili, tatu, nne. Mbili, mbili, tatu, nne. Tatu, mbili, tatu, nne." Halafu pom tena. Haukuwa na kichwa wala miguu.

"Mama anapoteza hesabu," mtunza nyaraka alimwambia mumewe. "Mpeleke kwa daktari."

"Anahesabu hivyo tangu nikiwa mdogo," alijibu mumewe, fundi viatu, mtu wa amani kupita kiasi.

"Basi alianza mapema."

Mumewe akajifanya anatafuta miwani, na miwani iko usoni.

Zamani bibi alikuwa na hadithi iliyokwenda pamoja na huo wimbo. Baba yake alipiga besi katika bendi ya matarumbeta ya mji, lile tarumbeta kubwa kuliko yote ambalo mpigaji hulivaa begani. Na katika wimbo wa mji, alisema, kuna mahali bendi nzima inanyamaza, baba anapiga peke yake, na watu wote wanasimama. Wanawe walimcheka. Besi kazi yake ni kuguna nyuma ya wenzake, nani ataiachia uwanja? Jioni moja mtunza nyaraka, amerudi kachoka na vumbi mpaka kwenye kope, alimkata kauli: "Mama, mimi nafanya kazi na karatasi. Kama karatasi haipo, hadithi nayo haipo."

Bibi aliweka kisu chini, akafuta mikono. Tangu siku hiyo, na huu ulikuwa mwaka wa nne, hakumtaja tena baba yake mbele ya mkwewe. Alibakiza kuguna tu.

Sasa, mambo yana namna yake ya kumrudia mtu. Walipobomoa ukumbi wa zamani wa mji, mafundi walikuta juu ya dari sanduku la bati limejaa karatasi za nota, zote zimeandikwa kwa mkono, kila mpigaji na zake. Sanduku likaletwa kwenye ofisi ya nyaraka, na mtunza nyaraka akalipenda kama mtoto wa kuzaa. Alipangusa kila karatasi kwa brashi laini, akaondoa pini, akanyoosha mikunjo chini ya vitabu vizito, akaandika daftari zima la maelezo: karatasi ngapi, wino gani, wadudu wamekula wapi. Miezi saba.

Kisha ikaja barua kutoka makao makuu. Kabati la chuma lililoahidiwa ni moja, mkaguzi atafika Alhamisi kuamua kiingie nini, na kisichoingia kitapelekwa kusagwa. Sharti lilikuwa fupi: kazi pungufu haiingii. Nyimbo nyingi za sandukuni zilikuwa nakala za nyimbo za wengine, zinazopatikana kokote. Uliotungwa mjini hapo ulikuwa mmoja tu, wimbo wa mji, nao ndio uliolipa sanduku thamani. Kulikuwa na sehemu ya tarumbeta la kwanza, la pili, klarineti, ngoma. Ya besi haikuwepo. Mtunza nyaraka alilipekua sanduku mpaka akalipindua chini juu, akagonga kitako chake kana kwamba kuna mtu ndani. Hakuna.

Jumatano asubuhi alimwita mwalimu wa muziki wa shule ya jirani, binti mchangamfu aliyekuja na kinanda chake kwapani. "Niambie kama tunaweza kuishi bila besi," mtunza nyaraka alimsihi. "Si inaguna tu?"

Mwalimu alizitandaza sehemu zote mezani, akapiga kidogo hii, kidogo ile. Katikati ya ukurasa wa pili akaacha.

"Hii ajabu. Hapa tarumbeta la kwanza limeandikiwa kimya, vipimo vinane, kila kimoja mapigo manne. La pili nalo kimya. Klarineti kimya. Hata ngoma." Aliinua kichwa. "Bendi nzima hainyamazi hivi hivi, dada. Kuna mtu alikuwa anapiga peke yake. Na aliyebaki ni besi."

Mwalimu aliendelea, akigonga meza kwa kalamu ili aone kimya hicho kina urefu gani: "Moja, mbili, tatu, nne. Mbili, mbili, tatu, nne. Tatu, mbili, tatu, nne..."

Brashi ilimtoka mtunza nyaraka mkononi.

"Kwa nini unahesabu hivyo?"

"Wanamuziki wote huhesabu hivyo wanapongoja zamu yao. Ile namba ya mwanzo inakukumbusha uko kipimo cha ngapi. Vipi, mbona umebadilika rangi?"

Mtunza nyaraka alikuwa ameshachukua mkoba. Njiani alijitukana kwa majina yote anayoyajua, na mengine akayatunga. Miezi saba anapangusa karatasi za darini, na wimbo wenyewe uko jikoni kwake unamenya viazi! Na yeye ndiye aliyeinyamazisha hadithi yake.

Alimkuta bibi anakunja nguo. Alisimama mlangoni.

"Mbona mapema?" bibi aliuliza. "Umefukuzwa?"

"Mama, nimekuja kukuomba samahani. Halafu nimekuja kukuomba yule baba yako."

Bibi alikunja shati moja, akalilaza, akachukua lingine. Hakuwa na haraka hata kidogo. Miaka minne alikuwa akiingojea zamu hii, na kungoja alikujua vizuri kuliko mtu yeyote mjini.

"Leo karatasi zimekwisha?"

"Zimekwisha, mama."

"Hm." Shati la pili. "Nilikuwa nakaa miguuni pake kila siku anapofanya mazoezi. Kazi yangu kumhesabia vile vimya vyake, kwa vidole, maana yeye akihesabu mwenyewe anapotea. Nilikuwa na miaka minane." Akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza. "Nikija huko ofisini kwenu, nikalie kiti chenye mgongo. Na mtu asinicheke."

"Atakayecheka nitamtoa mwenyewe."

Alhamisi mkaguzi alifika, mtu mrefu mwenye mhuri kwenye kifuko chake, mkavu lakini si mbaya. Aliambiwa kwamba sehemu ya besi itaimbwa na binti wa aliyeipiga, na mwalimu ataiandika. Alikuna kidevu.

"Nitajuaje kwamba hajaitunga jana?"

"Hajaziona hizi karatasi wala hajasikia zikipigwa tangu utotoni," alisema mtunza nyaraka. "Mwalimu atapiga za wenzake kwenye kinanda. Tuone kama zitakutana."

Mwalimu akapiga. Bibi, wima kwenye kiti chenye mgongo, akafumba macho, akakunja vidole. Pom. Pom, pom. Mtunza nyaraka akashika ukingo wa meza. Ule mguno uliomtoa roho jikoni miaka yote uliingia chini ya matarumbeta ukakaa pale kama mguu kwenye kiatu chake. Bibi aliponyamaza, wengine walisema. Walipomaliza, alirudi, bila kukosea hata pigo moja. Mkaguzi aliacha kukuna kidevu.

Wakafika ukurasa wa pili. Matarumbeta yalitakiwa kuvuta sauti ya mwisho mapigo manne, ndipo besi ibaki peke yake. Pigo la pili, bibi akaingia. Sauti zikagongana vibaya.

"Bibi, umetangulia mapigo mawili," mwalimu alisema kwa upole.

"Nimeingia panapotakiwa."

Wakarudia. Akaingia pale pale. Mara ya tatu, pale pale, na safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Mkaguzi aliweka kalamu chini. "Mama, nakuheshimu sana. Lakini kama hapa umekosea, nitajuaje wapi unakumbuka na wapi unabuni? Siwezi kupiga mhuri."

Vidole vya bibi vilibaki vimekunjwa mapajani. Mtunza nyaraka aliviona, na moyo ukamuuma kweli. Alikuwa amemtoa mama wa watu nyumbani, kwa ahadi, ili aje aambiwe kwa mara ya pili kwamba baba yake ni hadithi.

Akalivuta daftari lake, kwa sababu hakujua la kufanya, na daftari ndilo alilozoea kulikimbilia. Akasoma mwandiko wake mwenyewe: tarumbeta la kwanza, ukurasa wa pili, penseli iliyofutika, haisomeki. Klarineti, ukurasa wa pili, penseli iliyofutika, haisomeki. Ngoma, ukurasa wa pili.

Akaruka. "Zima taa! Funga pazia!"

Alilaza karatasi ya tarumbeta mezani, akawasha tochi, akailaza ubavuni ili mwanga upite juu ya karatasi na kuonyesha mikwaruzo. Penseli ilikuwa imefutika miaka mingi, lakini mkono ulioiandika ulikandamiza. Na mahali penyewe palikuwa pale pale, juu ya ile sauti ya mwisho.

"Besi anawahi hapa," alisoma. Akavuta ya klarineti. "Besi anawahi. Usimfuate." Akavuta ya ngoma, na hapo machozi na kicheko vikamjia kwa pamoja. "Tumemwambia. Hasikii."

Mkaguzi aliinama akajisomea mwenyewe, zote tatu, akairudia ya ngoma.

"Wimbo mtu anaweza kubuni," alisema mwishowe. "Lakini kosa la baba yake ambalo wenzake walilinung'unikia miaka sitini iliyopita, hilo hawezi." Akatoa mhuri, akaupulizia, akaupiga kwa nguvu mpaka kinanda kikalia.

Kwenye fomu palikuwa na mahali pa kuandika chanzo. Mtunza nyaraka, mwanamke wa karatasi, aliandika: Binti wa mpiga besi, kwa mdomo wake. Kisha akalikunja lile daftari, akapiga magoti mbele ya kiti chenye mgongo, akamkumbatia mama mkwe wake bila kujali nani anaona.

Kabati lilipofunguliwa rasmi, mwalimu alikusanya wapigaji kutoka huku na huko, wauguzi, seremala, karani wa posta, wakajipanga uani mwa ofisi. Besi alipiga jinsi alivyoandikiwa: akawahi mapigo mawili, mwalimu mwenyewe alikataa kuyarekebisha. Kisha wote wakanyamaza, na lile tarumbeta kubwa likabaki peke yake, zito, tamu, linapanda polepole kama mzee anayepanda ngazi zake mwenyewe. Hakuna aliyeambiwa asimame. Aliyeanza alikuwa fundi viatu, analia waziwazi, kisha mkaguzi, kisha uwanja mzima.

Mtunza nyaraka alimwinamia bibi sikioni. "Wamesimama, mama. Kama ulivyosema. Na amewahi, kama walivyoandika."

Bibi alikuwa angali anahesabu. Alimaliza kidole cha nane kwanza, ndipo akajibu.

"Baba hakuwahi. Wao ndio walikuwa wanachelewa. Nenda kaandike na hilo."

Mtunza nyaraka akaenda akaliandika.