Nyuzi Nne Nilizoziacha

Nilikuwa nimeshaaga. Begi lilikuwa begani, viatu nimefunga, na dada yangu alikuwa amenisindikiza hadi mlangoni akinikumbusha dawa ya macho kwa mara ya nne, mpwa wangu aliposema kutoka chumba chake cha kazi, "Tisini na nne. Tisini na nne tena."

Nyumba ile nilikaa miezi miwili, jicho likipona baada ya upasuaji. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Sijawahi kukaa mahali mpaka nikaijua siku ya kuzoa taka. Pale niliijua. Hakuna aliyeniuliza naondoka lini, na mtu aliyelala stesheni nyingi kama mimi haisahau nyumba ambayo hakuulizwa.

Mpwa wangu huandika maneno yanayopita chini ya filamu, ili viziwi wasome. Kampuni moja ya mbali ilikuwa imekubali kumwajiri kwa sharti moja: saa nane mchana huo wangepima kasi ya intaneti yake, kwa waya, si wai-fai, na isome mia mbili au zaidi. Ikisoma chini ya hapo, nafasi anapewa mwingine. Kazi hiyo alikuwa ameitafuta mwaka mzima. Saa ilikuwa nne na nusu.

"Ilikuwa mia tatu," alisema. "Imegoma tangu juzi."

Juzi. Miguu ikanikatalia kuondoka.

"Mbona umeganda?" dada akaniuliza. "Basi lako saa tano."

"Kamba ya kiatu," nikasema, nikainama kufunga kamba iliyokwisha kufungwa.

Mpwa wangu alikuwa amempigia fundi wa kampuni ya intaneti, akaweka simu kwenye spika. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Umeizima ruta ukaiwasha?"

"Mara tatu."

"Simu yako, kwa wai-fai, inasoma ngapi?"

"Mia mbili na themanini."

"Basi laini ya nje haina neno. Hamishia waya wa kompyuta kwenye tundu jingine la ruta."

"Nimejaribu matundu yote manne."

"Taa ya pembeni ya tundu ina rangi gani?"

"Ya machungwa. Zamani ilikuwa kijani."

"Basi ni huo waya. Ndani yake mna nyuzi nane. Zikishika nne tu, intaneti inapita, lakini mia haivuki. Kuna mtu ameugusa?"

"Nani auguse? Hapa tupo mimi, mama na mjomba. Na mjomba hata simu anaibonyeza kwa ukucha."

Dada akacheka. Ningeweza kucheka naye, nikaenda zangu. Kituo cha basi kilikuwa hatua mia mbili tu.

Nikashusha begi. "Ni mimi," nikasema.

Niliwaeleza. Juzi, wao hawapo, nilisogeza kabati ili nifagie nyuma yake, angalau na mimi nionekane nimefanya kitu. Mguu wa kabati ukaukata waya. Ujanani nilipanda nguzo za simu miaka miwili, na simu za wakati ule zilitaka nyuzi mbili tu. Zilizobaki zilikuwa akiba, na msimamizi alitufundisha kuzikunja na kuzifunga pembeni. Kwa hiyo nilipoziona nane, nikaunganisha nne, rangi kwa rangi, nikajiona nimekuwa mkarimu. Nikazungusha utepe, nikarudisha kabati. Intaneti ikarudi. Nikajipongeza kimoyomoyo, nikanyamaza.

Nililivuta kabati wakaona. Mpwa wangu alichuchumaa, akalishika fundo langu.

"Mzee," fundi akasema kwenye spika, "ulifanya kazi ya nguzo?"

"Nilifanya."

"Marehemu baba yangu alifunga hivyo hivyo. Siku hizi hakuna akiba, zote nane zinafanya kazi. Na usiziunge tena, badilisheni waya mzima."

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa kona ya pili. Nilikwenda mwenyewe, nikarudi na waya wa mita ishirini wenye vichwa vyake tayari. Tuliupitisha juu ya mlango, mbali na mguu wowote wa kabati, mimi juu ya kiti, dada akikishikilia na kunisema.

"Jicho moja, na bado anapanda."

"Mjomba," mpwa wangu akasema kutoka chini, "si ungesema juzi?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Wa kuona haya ni hilo kabati, miaka mitano limekaa vibaya."

Alichomeka. Taa ikawaka kijani. Kompyuta ikasoma mia tatu na sita. Mpwa wangu alinishika kifundo cha mguu pale juu ya kiti, akakishikilia kidogo. Sijawahi kushukuriwa vizuri kuliko vile, na kosa lilikuwa langu.

Saa nane wakampima, akapita.

Basi nililipanda kesho yake. Mpwa wangu yuko kwenye kazi ile mwaka wa tatu sasa. Dada alivunjika nyonga, lakini anatembea. Fundi wa kwenye simu alihamishwa ofisi, hatujamsikia tena. Jicho langu linaona. Kabati lipo pale nilipoliacha.