Sakafu ya Kumpokea Teryo

Ujumbe wa Teryo ulifika Jumanne asubuhi, Salving akiwa anawagawia paka vichwa vya samaki. Ulikuja na picha ya sebule ya nahodha mmoja mstaafu huko Manila: sakafu inang'aa kama kioo, taa za dari zinaonekana juu, zinaonekana na chini. Teryo alikuwa ameandika: "Hii ndiyo naitaka. Toa hilo kapeti la plastiki, weka kama hii. Desemba narudi, na safari hii sipandi meli tena."

Salving aliusoma ujumbe mara tatu, kisha akaketi kwenye kiti cha jikoni.

Kwa miaka ishirini na tisa mumewe alikuwa fundi wa injini kwenye meli za mizigo. Kila mwaka alikuja nyumbani Iloilo miezi miwili. Alileta chokoleti na sabuni za kunukia, akatengeneza bomba linalovuja, akalala usingizi wa mtu aliyechoka, akaondoka. Ukijumlisha miezi yote waliyolala chini ya paa moja, haikufika miaka mitano. Watoto hawakujaliwa. Salving alishona sare za shule kwa cherehani yake pale dirishani, na kazi yake ya pili ilikuwa kusubiri. Hiyo ya pili aliifanya kwa ufundi zaidi.

Lakini nyumba haikuwa tupu. Alikuwapo Heneral, mbwa wa rangi ya kahawa mwenye sikio lililochanika, ambaye Salving alimwokota akiwa kitoto nyuma ya meza za wauza samaki miaka kumi na mitatu iliyopita. Sasa kiuno chake kilikuwa kimelegea na alinyanyuka kwa awamu mbili, mbele kwanza, nyuma baadaye. Walikuwapo pia paka wawili: Puto, mweupe kama keki ya mchele aliyopewa jina lake, na Munggo, mwenye macho ya rangi ya choroko.

Teryo hakupenda wanyama ndani. "Mbwa ana mahali pake, nje," alizoea kusema. Kila alipokuja likizo, Salving aliwahamishia wote barazani, nao hawakulalamika sana, kama vile walijua kwamba mgeni huwa anaondoka.

Safari hii mgeni hataondoka. Hilo Salving alilifikiria akiwa bado kitini, akafurahi hadi machozi. Kisha akamtazama Heneral aliyelala kwenye miguu ya cherehani, na furaha ikapungua kidogo.

Alhamisi alikwenda dukani, barabara ya Iznart, pamoja na jirani yake Puring, mjane mwenye mdomo usio na breki. Muuzaji alikuwa binti aitwaye Jonalyn, mwenye penseli nyuma ya sikio. Salving alimwonyesha picha kwenye simu.

"Hii lamineti ninayo, mama," Jonalyn alisema, akavuta kibao kirefu cha sakafu kutoka kwenye rafu. Kiling'aa hata Puring akajitazama meno ndani yake. "Nyumbani kuna watoto wadogo?"

"Hakuna."

"Wanyama?"

Salving alisita. Puring hakusita. "Wapo! Mbwa mzee kama padri mstaafu, na paka wawili wasio na adabu hata chembe."

Jonalyn akacheka, akakirudisha kile kibao nusu rafuni. "Basi mama, nisikudanganye. Hii mwezi wa kwanza tu kucha zitaichora. Mbwa mwenyewe mzee, atateleza. Tena akikojoa, mkojo ukiingia kwenye maungio, mbao inavimba kama mkate kwenye chai. Na harufu haitoki." Akavuta kibao kingine, kizito zaidi, cha rangi ya mti mkavu, kisicho na mng'ao. "Hii ina milimita kumi na mbili. Maungio yake yana nta, maji yanakaa juu. Pitisha mkono, unasikia? Ina vijistari, kama mbao ya kweli. Mguu unashika."

Salving alipitisha kiganja. "Si nzuri kama ile," alisema taratibu.

"Si nzuri pichani," Jonalyn akajibu.

"Mumewe ndiye aliyechagua ile," Puring alieleza, akijipepea na karatasi ya bei. "Yuko baharini."

"Kwani ataifagia yeye?"

"Thubutu! Asiyekuwapo na lake halipo, mwanangu. Mwambie huyu mwenzangu, mimi hanisikii."

Salving aliwaambia wanyamaze wote wawili. Aliazima vibao viwili, kimoja cha kila aina, akavibeba nyumbani vikiwa vimefungwa kamba.

Alivilaza sebuleni sambamba, akakata kipande cha nyama, akamwita Heneral. Mbwa alikanyaga kwanza kile kinachong'aa. Miguu ya mbele ilipita salama. Ya nyuma ikaachana, huu kulia na huu kushoto, na mzee wa watu akakaa chini kwa kishindo. Hakulia. Aligeuza uso pembeni, kama mtu aliyeanguka kanisani mbele ya waumini. Salving alimnyanyua kwa kumkumbatia kiuno, akamweka kwenye kibao cha pili. Pale Heneral alitembea hatua zake nne, akala nyama yake, akageuka kuuliza kama ipo nyingine.

Teryo alipiga simu jioni ile. Sauti yake ilikuja na kukatika, na nyuma yake injini ilikuwa inanguruma.

"Umeiona dukani?"

"Nimeiona. Ni nzuri. Lakini Teryo, inateleza. Heneral ameanguka."

"Heneral ameanguka wapi tena? Si yuko nje?"

"Yuko ndani. Huwa anakaa ndani."

"Salving, mke wangu." Teryo alivuta pumzi. "Nimekaa miaka ishirini na tisa kwenye vyuma vyenye grisi. Nataka kufika kwangu nikute pasafi, panang'aa. Ni kikubwa hicho? Mbwa atoke nje tu."

"Ana kiuno kibovu. Nje kuna unyevu."

"Ni mbwa!"

Salving hakuwa mwanamke wa kupandisha sauti, na siku ile pia hakuipandisha. "Ni mbwa, ndiyo. Lakini ndiye aliyekuwa hapa."

Simu ilinyamaza. Hakusikia pumzi wala injini. Alipoitazama aliona imekatika, asijue imekatika kabla ya maneno yale au baada yake.

Teryo hakupiga siku ya pili, wala ya tatu. Meli ikiwa katikati ya bahari mtandao hupotea, hilo Salving alilijua tangu ujana wake. Lakini safari hizo nyingine hakuwa ameacha neno kama lile likining'inia. Alishona kola akazibandika kichwa chini. Aliweka simu kando ya cherehani, akaitazama kuliko alivyotazama sindano, hadi akajidunga kidole.

Siku ya sita alivua viatu, akasimama peku kwenye vile vibao viwili, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Alitaka kumwona Teryo kichwani mwake, akitembea juu ya sakafu hiyo. Alifumba macho akajaribu kukumbuka nyayo za mumewe zinavyolia zikitoka chumbani kwenda jikoni, kama anaburuza, kama anakanyaga kwa kisigino. Hakukumbuka. Alikumbuka sauti yake ya simu, kila kikohozi na kila kituo. Alikumbuka harufu ya shati lake siku ya kwanza ya likizo. Nyayo, hapana. Zilizomjia masikioni zilikuwa kucha za Heneral, tik tik, tik tik, zikimfuata kutoka chumba hadi chumba kwa miaka kumi na mitatu.

Akalia pale pale, amesimama. Munggo akaja akajisugua kwenye kifundo cha mguu wake, kisha akaanza kunoa kucha kwenye kibao kinachong'aa. Ziliacha mistari mitatu myeupe.

Kesho yake alirudi dukani. "Nipe ile isiyong'aa," alimwambia Jonalyn. "Na hii iliyochorwa nitailipia."

Fundi Doming alileta maboksi akayapanga katikati ya sebule, akakataa kuanza kazi siku hiyo. "Mbao zikae siku mbili, zizoee hewa ya nyumba," alisema. "Ukizilaza zingali ngeni, zitakuja kuinuka." Puto alilala juu ya maboksi siku zote mbili. Kazi yenyewe ilichukua siku mbili nyingine: sponji chini, vibao juu, kila kimoja kikigongwa hadi kikamate mwenzake. Mwishoni sebule ilikuwa na rangi ya mti mkavu kutoka ukuta hadi ukuta, imetulia, haimwakisi mtu yeyote. Heneral aliivuka yote, polepole, akafika mlangoni akiwa bado wima.

Siku ya kumi na mbili ujumbe ukaingia. "Mtandao ulikuwa hovyo. Sakafu vipi?"

"Imewekwa," Salving akaandika. Alingoja. Jibu likaja: picha ya kidole gumba.

Teryo alifika wiki ya pili ya Desemba. Pale uwanja wa ndege Salving alimwona kabla hajaonwa: mwanamume mfupi mwenye mvi zinazochungulia kifuani mwa shati, akisukuma maboksi yaliyofungwa kwa utepe, akitembea miguu imepanuka kidogo kama vile ardhi inaweza kuyumba wakati wowote. Moyo wake ulimdunda kama wa msichana. Walikumbatiana. Alinukia sabuni ya kwenye ndege.

Mlangoni Teryo alivua viatu. Alitazama chini kwa muda mrefu.

"Haing'ai," alisema.

"Haing'ai," Salving akakubali.

Heneral alinyanyuka kwa awamu zake mbili, akambwekea. Hakuacha hadi chakula cha jioni kilipoandaliwa. Teryo alikula mchuzi wa mbaazi na nyama ya nguruwe na fenesi, sahani mbili, akasifu. Hakusema mbwa ahamishiwe barazani.

Kisha siku zikaanza, zile ambazo Salving alikuwa amezitamani nusu ya umri wake, na hakuzielewa. Teryo aliamka kabla ya jogoo, akavaa, akakaa kwenye kiti akisubiri zamu isiyokuwapo. Alitengeneza feni mbili ambazo hazikuwa mbovu. Alipozungumza mezani, Salving alijikuta akitamani kuinuka aende chumba kingine, ampigie simu, maana kwenye simu walijuana. Mtu aliyemngoja alikuwa ameketi mbele yake anakunywa kahawa, na bado alimtamani, kama vile hajafika. Aliona haya kumwambia mtu, hata Puring.

"Vipi bwana harusi?" Puring aliuliza kwenye uzio.

"Anapumzika," Salving akajibu.

Asubuhi moja ya Januari Salving alikuwa cherehanini, Teryo kitini, Heneral katikati yao. Mbwa alichelewa kunyanyuka. Mkojo ukamtoka, ukatambaa kwenye sakafu hadi karibu na vidole vya Teryo. Salving aliruka kutafuta tambara, maneno ya kumtetea mbwa yakiwa tayari mdomoni.

Teryo alishamtangulia. Alikuwa amepiga magoti na taulo lake la shingoni, anafuta kwa mikono myepesi, kutoka ukingoni kuja katikati. "Kwenye injini, kitu kikimwagika hakiachwi hata dakika," alisema bila kuinua kichwa. Alibonyeza maungio kwa kidole gumba. "Hakijaingia. Nta nzuri hii." Akampangusa mbwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine. Heneral alinguruma kidogo, akaacha.

Teryo hakurudi kitini. Alibaki chini, mgongo ukutani.

"Siku ile ya simu nilisikia," alisema. "Ulivyosema ndiye aliyekuwa hapa. Sikukata mimi, ilikatika. Lakini nilisikia, na nilifurahi kwamba imekatika, maana sikuwa na jibu."

Salving alikuwa ameshika tambara kavu mkononi. "Na sasa?"

"Sasa hivi pia sina." Alisugua magoti yake. "Nikikaa hapa naona kila kitu kina habari yake na mimi siijui. Hata lile bati jipya la jikoni. Lilibadilishwa lini?"

"Mwaka wa kimbunga. Ulikuwa Brazili."

"Uliniambia hakuna kilichoharibika."

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungeogelea?"

Teryo alicheka, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe. Kisha akatazama dirishani, kule upande wa bandari, na Salving akayaona macho yake yakienda mbali kama yalivyokwenda kila siku tangu aje. Alimwacha. Baada ya kitambo yakarudi.

"Niambie," Teryo alisema. "Hicho kimbunga."

Salving aliketi sakafuni, mbali naye kidogo. Mbao zilikuwa za uvuguvugu kwa jua la asubuhi. Akaanza kumsimulia jinsi bati lilivyopiga kelele kabla ya kung'oka, jinsi alivyojifungia chooni na ndoo ya mchele, na jinsi Puring alivyovuka ua akitambaa, na sufuria kichwani.