Kimbunga Aliyeomba Kumwona Mkurugenzi

Mhudumu wa mapokezi wa ofisi ya maafa alikuwa anafuta meza asubuhi ya Jumatatu kimbunga alipopangusa miguu mlangoni, akabisha hodi na kuingia. Alikuwa bado mdogo. Alipoketi, ilitikisika kalenda ya ukutani tu.

"Una miadi?"

"Sina, dada. Nimekuja kutoa taarifa. Nitapita mtaa wa bondeni. Naomba watu wahamishwe kwanza."

"Mkurugenzi yuko kwenye semina ya kujiandaa na maafa. Msubiri."

Kimbunga akasubiri. Mhudumu akampigia simu mama yake, aliyekaa huko bondeni na ambaye miguu ilikwisha kumgomea.

"Mama, nije nikuchukue?"

"Unipeleke wapi, mwanangu? Mwaka ule tulihama bila amri, tukarudi tukakuta nyumba zina wenyewe. Serikali ikisema, nitatoka hata kwa kutambaa. Isiposema, nina Mungu wangu."

Kesho yake kimbunga alihitaji viti viwili. Siku iliyofuata madirisha yalianza kugongana, na mhudumu akamwomba ajibane kidogo.

"Siwezi, dada. Ngojangoja huumiza matumbo ya watu. Mimi hunipa kitambi."

Mkurugenzi aliporudi, alipita ukumbini ameshikilia tai isimpige usoni. Mhudumu akamfuata.

"Bosi, kimbunga ndiye huyu. Mabasi yako uani, madereva wanacheza karata. Wanangoja neno lako tu."

Mkurugenzi alimtazama kimbunga kuanzia juu hadi chini.

"Ametumwa na nani huyu? Nikihamisha mtaa mzima halafu asipite, wakubwa wataniambia nini?"

"Nitapita, mheshimiwa."

"Wewe nyamaza. Kila anayekaa hapo husema jambo lake ni la haraka."

"Mama yangu yuko kule, bosi."

"Nani hana mama? Ofisi haiendeshwi kwa mama zetu."

Alfajiri kimbunga hakuenea tena ndani. Aliaga kwa adabu, akaenda kazini. Mhudumu alikimbia hadi kwenye daraja la kwenda bondeni akakuta hakuna daraja. Alipiga magoti kwenye tope, akaomba mpaka upepo ukamnyang'anya maneno.

Upepo ulipokwisha, kimbunga alirudi ofisini, amekonda, amelowa, akamkuta mhudumu amerudi mezani pake. Ndani mkurugenzi alikuwa akiwaeleza waandishi wa habari kwamba kimbunga alikuja bila taarifa. Mlango ulikuwa wazi, kila neno lilisikika. Kimbunga aliinamisha kichwa.

"Mama yangu ulimwacha wapi?" mhudumu aliuliza.

"Sikumwona, dada. Nikishakuwa mkubwa vile, simwoni mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana nilikuja mapema."

Mhudumu akampa taulo ajifute. Kisha akabeba sinia la chai, akaingia nalo, kwa sababu waandishi walikuwa wameanza kuiulizia.