Kiti cha Nyuma

Mume wangu alitaka pikipiki ya kutufikisha wawili kwa mama yangu, mwendo wa siku nzima. Fundi wa gereji aliisifu ile ya wastani: haili mafuta, haichoshi. Shemeji akacheka. “Kaka, mlimani utaisukuma. Chukua kubwa.”

“Mnabishania kiti cha mbele tu,” nikasema. “Mgongo utakaoumia huko nyuma ni wangu.”

Nikamkabidhi shemeji mtoto wetu, nikapanda ile ya wastani palepale ilipoegeshwa, nyuma ya mume wangu aliyekuwa ameikalia kuijaribu, nikamwegemea, usingizi ukanichukua. Usiku mtoto alikuwa amenikesheza.

Nilipozinduka, walikuwa bado wanabishana, ila kwa kunong'ona. Mume wangu hakuwa amejitikisa hata kidogo.

“Shemeji, nimeshindwa,” akasema shemeji, akimbembeleza mtoto. “Hata kitanda hakikulazi hivyo.”

“Basi tunachukua hii,” mume wangu akamwambia fundi, bado hajageuka.